Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtihani wa Hisabati Usigeuke Mtihani wa Kiingereza

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam nyingi, na pole kwa majukumu.

Mimi ni mzazi wa mtoto aliyeko Kidato cha Pili kwenye shule ya kata mkoani Morogoro. Mwishoni mwa mwaka atafanya upimaji wa kitaifa, na akishindwa atakariri kidato. Nakuandikia kuhusu somo moja tu, Hisabati, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya anguko la watoto wetu katika somo hilo haitokani na hesabu.

Matokeo yakitoka, mzazi anafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, anatafuta shule, anashuka mpaka kwenye namba ya mwanawe na kukuta herufi F mbele ya Hisabati. F ni chini ya alama 30. Basi. Haimwambii kama mtoto ameshindwa hesabu za sehemu, ameshindwa jometri, au hakuelewa hata alichoulizwa. Kinachofuata shuleni tunakijua wote: kikao cha wazazi, mkuu wa shule anasoma wastani, tunaombwa kuchangia kambi. Tunatoa mahindi, maharage na hela ya mwalimu wa kujitolea, watoto wanarudia mitihani ya miaka ya nyuma mpaka usiku. Sipingi kambi, na walimu wanaokesha na watoto wetu nawaheshimu kwa dhati. Ila kambi inamzoesha mtoto maswali; haimpi lugha ya kuyasomea.

Nimeliona hili mezani kwangu. Mwanangu na wenzake wawili walikuwa wamekwama kwenye swali, lililoandikwa kwa Kiingereza, la mfanyabiashara aliyenunua gunia la mahindi kwa shilingi 60,000, akaliuza kwa hasara ya asilimia 15; wanatakiwa kutafuta bei aliyouzia. Mmoja alikuwa amejumlisha 60,000 na 15. Mwingine aliacha wazi. Sikuwafundisha chochote. Niliwasomea swali lile lile kwa Kiswahili, na yule aliyeacha wazi, ambaye mama yake anauza mahindi sokoni, akasema 51,000 kabla hajashika kalamu. Mtoto huyu kwenye karatasi ya serikali anahesabiwa kuwa hajui asilimia.

Mheshimiwa, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote, na mtihani wa Darasa la Saba anaufanya kwa Kiswahili. Januari anavuka geti la sekondari, na somo lile lile linageuka Kiingereza. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kozi ya awali ya wiki chache, ambayo kwenye shule nyingi inafundishwa na mwalimu yeyote aliyepo, kwa vitabu vyovyote vilivyopo. Mwaka 2012 nchi ilishtuka kusikia kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakujua kusoma na kuandika, na baadaye Serikali ikaweka nguvu kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa kazi njema. Sasa tuna watoto wanaosoma Kiswahili bila shida, tunawapima kwa maandishi wasiyoyaelewa, kisha tunashangaa jinsi ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne ulivyoganda kwenye asilimia 20 hivi kwa miaka, mpaka 2022.

Wataalamu wako wanalijua hili. Kila mwaka Baraza linachapisha uchambuzi wa majibu ya wanafunzi, swali kwa swali, na udhaifu wa lugha unatajwa tena na tena. Ni kazi nzuri sana, na inasikitisha kwamba mwalimu wa kata yangu haioni isipokuwa ana bando la kuipakua, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Naomba iletwe shuleni imechapishwa, na kila shule ipewe ya kwake: watoto wetu walikosa wapi, mada gani, swali la aina gani. Tangu Baraza liache kutangaza shule kumi bora, mwaka 2023, tumepunguziwa mashindano yasiyo na faida. Nafasi hiyo ijazwe na taarifa ambayo mwalimu anaweza kuifanyia kazi Jumatatu asubuhi.

Ombi langu kubwa ni hili: karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Pili iandikwe kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, mtoto achague ya kujibia. Si jambo geni. Kwenye Darasa la Saba Baraza tayari linatunga Hisabati kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa ajili ya shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Wataalamu wa istilahi wapo, vitabu vya msingi vina maneno yote ya sehemu, asilimia, pembe na eneo. Na Sera ya Elimu ya 2014, kabla ya kurekebishwa mwaka 2023, ilitamka wazi kuwa Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote.

Kuna wazazi watakaosema nataka watoto wasijue Kiingereza. Hapana. Nataka wafundishwe Kiingereza vizuri, na mwalimu wa Kiingereza, katika kipindi cha Kiingereza, na wapimwe humo.

Ikiwa kubadili karatasi ya taifa kunahitaji muda, anza na majaribio kwenye halmashauri chache, kwa kushirikiana na TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa: nusu ya shule zipewe karatasi ya lugha mbili, nusu ya kawaida, matokeo yawekwe hadharani. Shule yetu itakubali kuwa mojawapo, wazazi tumeshalizungumza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili,
Morogoro