Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sodiamu iandikwe mbele ya pakiti

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako kwa utaratibu hazijajibiwa, na kwa sababu wiki iliyopita mama yangu alilazwa tena kwa presha, ilhali chumvi ya mezani alikwishaiacha kama daktari alivyomwagiza.

Safari hii muuguzi alinitaka nikague vyakula vyake vya pakiti. Nikaanza na supu ya unga: jina lake linasomeka ukiwa mlangoni, lakini sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, imeandikwa kwa herufi za sisimizi, na nusu ya mstari imemezwa na mshono wa pakiti.

Wataalamu wako wanajua, Mheshimiwa, kwamba sodiamu huvuta maji: ikizidi mwilini na figo zikashindwa kuitoa kwa wakati, maji hubaki ndani ya mishipa, ujazo wa damu huongezeka, na moyo hulazimika kuusukuma mzigo huo kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai. Mama atakipimaje kijiko asichokiona? Sodiamu imo kwenye mkate, kwenye nyama ya kopo, hata kwenye baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyoyeyushwa kwa kutoa povu majini.

Tunashukuru kwa mabango ya kutuhimiza tupunguze chumvi, yanapendeza. Lakini ulituahidi kanuni ya lebo, tena mbele ya kamera, ukasema itakamilika kabla ya mwaka kwisha, bila kutaja ni mwaka gani. Nahisi wenye viwanda wamekuzidi kauli. Kama nakusingizia, nikanushe kwa kuisaini. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi mbele ya vyakula vya viwandani vyenye sodiamu nyingi, na mwaka huohuo Afrika Kusini ikaanza kuwawekea kikomo watengenezaji wa mkate. Sijasikia kwamba watu wao waliacha kula.

Siombi dawa za bure wala kitanda bora wodini. Naomba kiasi cha sodiamu kiandikwe mbele ya pakiti, kwa herufi ambazo mama mwenye miwani anaweza kuzisoma. Isaini kanuni hiyo, Mheshimiwa, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Wako mtiifu, hadi sasa,
Mtoto wa mgonjwa wa presha