Barua kwa Mwanangu: Uliza Kwanza Ni Askari Gani

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mama yako na kwa bibi yako, barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako ile sehemu ya nafasi mbili ulizopata za mafunzo ya nyanjani: moja katika Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi huko Nairobi, ile ambayo kila mtu huiita IPOA, na nyingine katika ofisi ya wakili wa kaunti. Unaniuliza uchukue ipi, ingawa maneno yako yananionyesha kwamba moyo umekwisha kutangulia Nairobi. Mimi ningependa uanze na kaunti. Sababu yangu ni ndefu kidogo, nivumilie.

Unajua kwamba nilikaa mahakamani miaka mingi nikiwa karani na mkalimani. Katika miaka hiyo yote hakuna neno la Kiswahili lililonitaabisha kama neno "askari". Kwetu sisi polisi ni askari. Yule wa kaunti avaaye sare na kuzunguka sokoni ni askari. Wa magereza ni askari, wa jeshi ni askari, na hata mzee alindaye lango la duka usiku ni askari. Mtu akisema "askari amenipiga", jirani yake ameelewa kila kitu, lakini sheria bado haijaelewa lolote, kwa kuwa kila askari kati ya hao ana sheria iliyompa madaraka yake, mwajiri wake, na mlango wake wa kupelekwa mashtaka.

Kabla hujazaliwa, mama mmoja muuza samaki wa kukaanga alisimama kizimbani akiwa shahidi. Mtu aliyemwagia karai la mafuta ya moto alikuwa askari wa baraza la mji, wakati huo kabla ya kaunti. Mama yule alipandisha mkono wa baibui hadi kwenye kiwiko, na kovu lilikuwa limeng'aa na kukunjamana kama karatasi iliyolowa kisha ikakauka. Hakuyumba hata kidogo katika ushahidi wake. Kisha wakili wa mshtakiwa akaomba taarifa yake ya kwanza isomwe, nami ndiye niliyepewa niisome na kuitafsiri. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na pale ambapo mama alikuwa amesema "askari", mwandishi alikuwa ameandika neno la polisi. Wakili akamuuliza: ni polisi, kama ulivyosema siku ile, au ni askari wa baraza, kama usemavyo leo? Mama akanitazama mimi, si wakili, akasema, "Mwanangu, mimi nilisema askari." Kesi ile haikusimama tena. Aliyeiandika taarifa alikuwa kijana wa umri wako, na sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya; alisikia neno moja, akadhani amelielewa, hakuuliza.

Tangu siku hiyo mengi yamebadilika, na ni haki niyataje. Katiba ya 2010 ilikuja, na sheria ya 2011 ikaiunda IPOA, ikaipa kazi ya kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayotokana na matendo ya polisi, kupokea malalamiko ya raia, kukagua vituo na seli, na kupendekeza mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hapa kwetu Pwani tuliliona tunda lake. Agosti 2014, huko Kinango katika Kaunti ya Kwale, binti wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, aliuawa kwa risasi nyumbani na polisi waliokuwa wakimsaka jamaa yake. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kila mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa IPOA. Ninaelewa kwa nini unaitamani ofisi hiyo, na sitaki udhani ninaidharau.

Lakini itazame sheria yake kwa makini, mwanangu. Inawahusu watumishi wa Huduma ya Taifa ya Polisi. Yule askari wa kaunti anayebeba mkokoteni wa mchuuzi na kuutupa garini hayumo. Aliyepigwa naye hubaki na njia za kawaida: kuripoti katika kituo cha polisi, kuishtaki kaunti, au kupeleka lalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa umma. Njia hizo zipo, ila muuza mboga mwenye mtaji wa siku moja hana mtu wa kumwonyesha aanzie wapi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu ninakutaka uanze na kaunti.

Ofisi ya wakili wa kaunti, kwa mujibu wa sheria ya 2020, huishauri serikali ya kaunti, huiwakilisha mahakamani na huandika miswada yake. Utakaa upande wa anayeshtakiwa, jambo ambalo huenda likakukera mwanzoni. Kaa nalo. Utaona jalada la kesi likifika, na utajifunza kuuliza maswali ambayo chuoni hayana haraka: sheria ndogo aliyoitumia askari huyu ni ipi? Ilichapishwa katika Gazeti Rasmi, kama kifungu cha 199 cha Katiba kinavyodai kabla sheria ya kaunti haijaanza kutumika? Wananchi walishirikishwa, kama kifungu cha 196 kinavyotaka? Inampa askari ruhusa ya kuchukua bidhaa, au amejipa mwenyewe? Na siku mswada wa askari wa kaunti utakapopita mezani, hata kama kazi yako ni kusahihisha nambari za vifungu tu, muulize mkuu wako kama upo mstari unaosema mchuuzi aliyeumizwa atalalamika kwa nani.

Uliza pia habari za Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo sheria ya polisi ya 2011 iliiweka katika kila kaunti chini ya uenyekiti wa gavana au mtu aliyemteua. Hapo ndipo mambo ya polisi na ya kaunti hukutana, na wanafunzi wachache sana huitazama.

Ukienda IPOA likizo ijayo, nitafurahi kwa moyo wote, na utaingia ukiwa unajua kuutenganisha mlango huu na ule. Ila ukiwa huko chunga ulimi. Unakumbuka Juni 2016, wakili Willie Kimani alivyotekwa na kuuawa pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, aliyekuwa amemlalamikia afisa wa polisi, na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Jina la mlalamikaji lisitajwe bwenini, wala kwenye simu ndani ya matatu, wala kwa rafiki unayemwamini. Hata kwangu usilitaje.

Na popote utakapokuwa, anayekuja kulalamika mwandikie kwa maneno yake. Akisema "alinisukuma", usiandike kwamba alipigwa, hata ukimhurumia. Akisema "askari", weka kalamu chini umuulize sare ilikuwa ya rangi gani, kofia ilikuwaje, gari lilikuwa na maandishi gani ubavuni. Kisha msomee alichosema, kwa Kiswahili, kabla hajaweka sahihi au kidole gumba.

Umesema barua ya kukubali nafasi inatakiwa kabla ya Ijumaa. Iandike, kisha niletee nakala nami niisome kabla hujaituma. Nauli nimempa binamu yako, atakuletea Alhamisi pamoja na madaftari mawili ya jalada gumu.

Ni mimi baba yako.