Yah: Malalamiko Kuhusu Riba ya Mkopo wa Lori na Kuzimiwa Gari Likiwa na Mzigo

Dar es Salaam,
24 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Mikopo ya Magari.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu wa mkopo wa kichwa cha difu mbili, yaani lori la kuvuta tela lenye ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, pamoja na tela yake, kwa mkataba tuliosaini Februari 2024. Gari ni langu na naliendesha mwenyewe, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia kwenda Kongo. Suala hili nimelisema kwa simu na nimelifuata ofisini kwenu, na kila mara afisa mikopo hunijibu kwamba ndivyo mfumo unavyosoma. Jibu hilo halinitoshi. Naomba mnijibu kwa maandishi, kwa tarakimu, na ajibu mtu mwenye mamlaka ya kuusahihisha huo mfumo.

Barua ya ofa mliyonipa kabla ya kusaini ipo, nakala nimeiambatanisha. Inasema mkopo ni shilingi 90,000,000, muda ni miezi 36, na riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kila mwezi riba ihesabiwe kwa deni lililobaki tu. Gari liliuzwa 130,000,000, na kianzio cha 40,000,000 nilikitoa mimi, sehemu kubwa ikiwa fedha ya Fuso niliyoiuza ili nifikie gari kubwa. Kwa masharti ya ofa hiyo, rejesho lililo sawa kila mwezi ni kama 3,254,000. Nilipopima kama gari litajilipa, niliweka hapo mafuta, matairi, spea, bima na posho ya tandiboi, msaidizi wangu wa safari, nikaona kazi inawezekana.

Jedwali la marejesho lilinifikia baadaye, kianzio kimeshaingia kwenu na kadi ya gari imeshaandikwa majina yetu wote wawili. Humo rejesho ni 3,850,000.

Naomba mlifungue jedwali hilo hapo mezani mtazame safu ya riba peke yake. Mwezi wa kwanza nadaiwa mtaji, yaani fedha niliyokopa bila riba, 90,000,000, riba 1,350,000. Hapo sina neno. Mwezi wa 13 mtaji umeshuka hadi 60,000,000, riba ni ile ile 1,350,000. Shukeni hadi mstari wa mwisho, mwezi wa 36. Mtaji uliobaki ni 2,500,000, na riba bado ni 1,350,000. Asilimia 1.5 ya 2,500,000 ni shilingi 37,500. Mwezi huo mnanitoza riba inayozidi nusu ya deni lenyewe, halafu karatasi iliyo juu yake inasema salio linalopungua! Ni salio gani hilo lililopungua?

Riba inayotozwa kwa mtaji wa siku ya kwanza hadi siku ya mwisho ni riba ya aina nyingine kabisa. Ukiigeuza iwe ya salio linalopungua inakuwa kama asilimia 2.55 kwa mwezi, yaani zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, wakati mimi niliahidiwa 18. Kwa miaka mitatu jedwali lenu linanitoza riba ya 48,600,000. Kwa masharti ya ofa ingekuwa kama 27,100,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 21, na hakuna mahali nilipokubali kuilipa.

Labda kwa aliyekaa ofisini laki sita za ziada kwa mwezi ni tarakimu tu. Kwangu ni tairi. Kichwa na tela vina matairi 22, na tairi moja la Kichina nalinunua kati ya laki tano na laki sita. Mwenye gari moja hununua matairi kidogo kidogo, hili mwezi huu, lile mwezi ujao, akianza na yaliyochoka zaidi. Laki sita zikienda kwenye riba isiyokuwepo kwenye ofa, mwezi huo sinunui tairi, natembelea tairi lililoisha kashata kushuka mlima Kitonga nikiwa na tani zaidi ya 50 ukijumlisha gari na mzigo. Kila anayeijua ile kona na lile korongo anaelewa ninachosema. Kampuni yenye magari mia inaweza kutoa tairi kwenye gari lililolala ikafunga kwenye linalosafiri. Sisi tunaoendesha gari letu wenyewe hatuna gari lililolala.

Mwezi uliopita, baada ya kukamilisha marejesho 12 bila deni la nyuma, niliomba barua ya kiasi cha kumaliza mkopo. Nilikuwa nimepata taasisi nyingine ya kunihamishia deni. Mkaniandikia 92,400,000. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe mmechukua marejesho 24 yaliyobaki mkazidisha kwa 3,850,000, riba ya miezi ambayo haijafika imo yote. Yaani nimelipa 46,200,000, nataka kumaliza miaka miwili kabla ya wakati, na naambiwa nadaiwa zaidi ya nilichokopa. Hata kwa jedwali lenu lenyewe mtaji uliobaki ulikuwa 60,000,000. Kwa salio linalopungua, ukihesabu fedha niliyolipa kweli, deni lilikuwa kama 57,400,000. Ile taasisi ilipoiona barua yenu ilifunga faili.

Sasa nije kwenye jambo la Makambako, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Rejesho la mwezi huu lilipaswa kulipwa tarehe 5. Nilikuwa njiani narudi na shaba kutoka Kongo, na foleni ya malori Tunduma mnaijua. Nilimpigia afisa wenu kabla ya tarehe, nikamweleza kwamba mteja wangu hulipa mzigo uliotangulia baada ya kupokea hati za makabidhiano, na fedha ingeingia katikati ya mwezi. Akasema amenielewa. Tarehe 11, nimepima mizani Makambako na kuegesha ili nipate chakula, nikarudi kuwasha gari likakataa. Niliita fundi wa umeme. Akakagua betri, akakagua fyuzi, akafungua dashibodi, mwisho akanionyesha waya wa kifaa chenu cha kufuatilia gari: mmelizima kutoka Dar.

Kwenye tela kulikuwa na mzigo wa watu wenye lakiri ya forodha. Shaba inawindwa na wezi njia nzima. Tandiboi na mimi tulikesha kwa zamu usiku wa baridi, tukizunguka gari na tochi, na kesho yake hadi jioni ndipo likafunguliwa, baada ya kukopa kwa ndugu ili nilipe sehemu ya rejesho. Mwenye mzigo alinikata fedha ya kuchelewa. Juu yake mkaniandikia faini, na 350,000 mnayoiita gharama ya ufuatiliaji, wakati hakuna mtu wenu aliyetoka ofisini kunifuata popote. Mkataba unasema mtanipa taarifa ya maandishi kabla ya kulizuia gari. Sikupata barua wala ujumbe wa simu.

Sikatai kulipa deni. Rejesho la mwezi huu lilikamilika tarehe 14, siku ile ile mteja wangu aliponilipa. Ninachokataa ni kulipa nisichokubali, na kuzimiwa gari barabarani kwa deni la siku sita.

Kwa hiyo naomba mkopo wangu uhesabiwe upya tangu rejesho la kwanza, kwa asilimia 1.5 ya salio linalopungua kama ofa inavyosema, na nilichozidisha kulipa kipunguze mtaji. Naomba barua mpya ya kiasi cha kumaliza deni isiyo na riba ya miezi ijayo. Faini na zile 350,000 zifutwe, na mnihakikishie kwa maandishi kwamba gari halitazimwa tena likiwa na mzigo. Tarehe ya rejesho naomba isogezwe hadi 20, kwa kuwa ndiyo inayokwenda na malipo ya wateja wangu. Mkopeshaji wa malori anapaswa kujua kwamba msafirishaji halipwi siku anayoshusha mzigo.

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mkopeshaji amweleze mteja gharama za mkopo kwa uwazi kabla hajasaini. Nimeanza na ninyi kwa sababu ndio utaratibu. Nisipopata jibu la maandishi ifikapo 14 Aprili 2025, nitayapeleka malalamiko haya Benki Kuu pamoja na ofa, jedwali, barua ya 92,400,000 na risiti zangu zote.

Wenu,
Mmiliki na dereva wa gari
(jina, sahihi na namba ya mkataba vipo kwenye nakala iliyopokelewa masjala)