Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi, Lubumbashi: Mwaka wa Shule 2024–2025

Ba mama na ba baba, wanachama wenzangu, jambo yenu.

Mwaka jana mlinituma kazi moja: masomo ya mikono, yaani mtoto kujifunza kwa kutenda, yafike kila darasa, kuanzia maternele (shule ya watoto wadogo) hadi mwaka wa mwisho wa umanite (sekondari), yasibaki kwa mwalimu mmoja mwenye moyo. Nianze na deni. Kazi haikutimia. Darasa la sita tulilirudisha kwenye madaftari peke yake tangu Pasaka kwa hofu ya mtihani wa taifa, na mimi mwenyewe nilinyosha mkono kukubali. Nitarudi hapo.

Kwa wadogo wa maternele sina mengi: maji, mchanga, vizibo vya chupa, udongo wa kufinyanga. Wanarudi nyumbani wachafu na sabuni ni ya mzazi, malalamiko nimeyasikia. Darasa la kwanza na la pili wana bustani ya lengalenga (mchicha) na matembele nyuma ya ukuta. Lengalenga ya kwanza ililiwa na mbuzi wa jirani. Ya pili iliuzwa langoni, na darasa la tatu ndilo lililoshika pesa. Kumrudishia chenji ya franga mtu aliyetoa dola si hesabu ya kitabuni. Muulizeni mama yeyote wa sokoni.

Habari ya mvua ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Darasa la tano walikata chupa ya plastiki, wakaichora milimita, wakaisimamisha uwanjani mvua za Novemba zilipoanza. Kila asubuhi mtoto mmoja alisoma na kuandika. Mwalimu akawauliza: milimita moja ni maji kiasi gani? Wakatandaza turubai la mita moja kwa mita moja, wakainua kingo zake, wakamwaga lita moja. Kina chake kikawa milimita moja. Basi wakapima paa la jengo lao, wakapata mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa kwetu Januari si ajabu, inateremsha lita 1,200 kutoka paa hilo, nasi tulikuwa tunanunua maji kwa bidoni! Wakaja mbele ya kamati na karatasi yao. Tulikosa la kujibu. Mfereji wa paa na tangi viliwekwa Februari. Ndiyo matumizi makubwa ya mwaka, na mweka hazina atawasomea hesabu.

Darasa la saba na la nane walifyatua matofali. Mengi yalipasuka, ila yaliyobaki yamejenga ukingo wa bustani. Matembezi yao ya Machi hayakufanyika: msafirishaji alipokea malipo ya kwanza, gari halikuonekana. Bado tunamdai.

Vijana wa sehemu ya sayansi waliomba kuyeyusha mukuba, yaani shaba, jinsi wazee walivyofanya nchi hii kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi, kuundwa mwaka 1906: malakiti (jiwe la kijani lenye mukuba), makala, viriba vya ngozi vya kuvuvia moto, tanuru la udongo wa kichuguu, kazi ya kiangazi. Ndiyo mukuba uliomiminwa kuwa misalaba iliyotumika kama pesa. Tanuru la kwanza lilipasuka, makala yalikuwa na unyevu. La pili likashika moto vizuri, na mukuba hauyeyuki mpaka nyuzi 1,085, kwa hiyo walipokezana viriba mchana kutwa. Wakapata bonge la gramu 600. Mwalimu wa kemia hakuwaacha washangilie. Malakiti waliyotia ni kilo 4, na kama ni safi ina kilo 2.3 za mukuba. Mukuba mwingine uko wapi? Wakavunja mavi ya tanuru, zile taka zilizoganda, wakapima, wakachunguza mawe yaliyobaki wakakuta mchanga mwingi ndani. Ubishi ulichukua siku tatu, na hakuna aliyewalazimisha.

Kijana mmoja aliungua kidole. Kosa ni la kamati: tulinunua makala kabla ya glavu.

Wapo wanaoniambia huu ni mtindo mpya wa wazungu. Decroly, daktari Mbelgiji aliyefundisha watoto kwa kutenda, alifungua shule yake Bruxelles mwaka 1907, mwaka uleule Montessori, daktari wa Italia mwenye wazo kama hilo, alipoanza kule Roma. Mji wetu wenyewe ulizaliwa 1910. Upya uko wapi? Na wale wazee wa mukuba hawakumngoja yeyote kati yao.

Sasa deni langu. Mtoto wangu yuko darasa la sita. Mwezi wa tano aliniuliza kwa nini wa darasa la tano wanapima mvua na yeye haruhusiwi hata kupima uwanja, wakati mtihani utamuuliza eneo la uwanja. Nilimwambia amalize chakula.

Kwa hiyo ninaomba kura mbili leo. Kwanza, darasa la sita na la nane wabaki na alasiri moja ya mikono kila wiki, mpaka wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Pili, hakuna moto utakaowashwa shuleni kabla glavu na miwani ya kinga havijafika.

Tangi lazima lisafishwe kabla ya mvua. Tukutane Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa mbili asubuhi, kila mmoja na ndoo yake. Watoto wa mvua watakuwa langoni na daftari, wakiandika waliofika na waliochelewa.