Shule za mkataba za Marekani si shule binafsi

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu elimu nchini Marekani iliziita shule za mkataba (kwa Kiingereza charter schools) "shule binafsi zinazolipwa na serikali". Ninaishi Pennsylvania, mwanangu anasoma katika mojawapo ya shule hizo, na sijawahi kulipa ada hata senti moja kwa kuwa sheria hairuhusu nitozwe. Ni shule za umma. Tofauti yake na shule ya kawaida ya wilaya ni kwamba haisimamiwi na bodi ya wilaya ya elimu iliyochaguliwa na wapiga kura. Ina bodi yake yenyewe, na inaendeshwa kwa mkataba wa miaka kadhaa na mamlaka iliyoipa kibali, ambao unaweza kufutwa, au muda wake ukaisha bila kuongezwa.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama lisingebeba jingine, yaani dhana kwamba upo mfumo mmoja wa nchi nzima. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata kwa neno moja, hivyo kila jimbo linajitungia sheria yake, kuanzia Minnesota iliyotangulia mwaka 1991. Arizona mkataba hudumu miaka 15, ilhali hapa kwetu mkataba wa kwanza ni wa miaka 3 hadi 5. Vermont haina kabisa sheria ya shule hizi.

Mvutano wenyewe uko kwenye fedha. Chini ya sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1997, wilaya ya elimu hukokotoa inachotumia kwa kila mwanafunzi, ikaondoa gharama fulani zilizotajwa, kisha hulipa kiasi kinachobaki kwa shule ya mkataba kwa kila mtoto wa wilaya hiyo anayejiunga nayo. Malipo hufanywa kwa mafungu 12, na wilaya ikikaidi, idara ya elimu ya jimbo huzikata fedha hizo kwenye ruzuku ambayo jimbo huipa wilaya hiyo. Jimbo lina wilaya 500, kila moja na kiwango chake. Ndiyo maana watoto wawili wa wilaya tofauti wanaweza kuketi mbele ya kompyuta, wakimsikiliza mwalimu yuleyule wa shule moja ya mtandaoni akifundisha kujumlisha sehemu, na mmoja akawa amelipiwa fedha nyingi kuliko mwenzake kwa sababu tu wilaya yake ina uwezo wa kutumia zaidi. Sijapata kusikia mtu akilitetea jambo hilo kwa hoja iliyoniingia akilini.

Halafu kuna upande wa wilaya. Wakihama watoto 20 kwenda shule ya mkataba, fedha zao huondoka nao, lakini hawahami kutoka chumba kimoja: anaondoka mmoja wa darasa la pili, wawili wa darasa la tano, na kadhalika. Mwalimu anabaki, basi linapita njia ileile, na jengo linapashwa joto lilelile wakati wa baridi. Massachusetts imelitambua hilo. Kwa sheria yake ya mwaka 2019, malipo ya wilaya kwa shule za mkataba yakiongezeka, jimbo hulenga kufidia ongezeko hilo kwa asilimia 100 mwaka wa kwanza, 60 wa pili na 40 wa tatu. Pennsylvania nayo ilikuwa na fungu la fidia, ikalifuta mwaka 2011. Ninazipenda shule hizi, la sivyo nisingempeleka mwanangu, lakini mzazi anayebaki kwenye shule ya wilaya ana haki ya kuuliza kwa nini pengo hilo alizibe yeye kwa kodi ya majengo.

Katika jimbo la Washington, swali la fedha lilifika mahakamani. Wapiga kura waliidhinisha shule hizo mwaka 2012, lakini Septemba 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatamka kwamba, kwa kuwa bodi zake hazichaguliwi na wananchi, hazistahili fedha ambazo katiba ya jimbo imezitenga kwa shule za kawaida za umma. Bunge la jimbo likageukia mapato ya bahati nasibu mwaka 2016, na mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikaukubali utaratibu huo kwa sehemu kubwa.

Usimamizi ukilegea, hasara hufika mbali. Shule kubwa ya mkataba ya mtandaoni ya jimbo la Ohio, iliyojulikana kama ECOT, ilidaiwa kurejesha takriban dola milioni 60 kwa mwaka wa masomo wa 2015-16, baada ya jimbo kubaini kwamba wanafunzi wengi iliowalipiwa hawakuweza kuthibitishwa kuwa walisoma kwa muda uliodaiwa. Ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, na maelfu ya familia yakaanza kutafuta shule nyingine.

Naomba basi, gazeti likirudi kwenye suala hili, litaje ni jimbo gani linalozungumziwa, nani ametoa mkataba, na fedha zinatoka fungu gani.

Mzazi na msomaji wenu,
Pennsylvania, Marekani