Aliyesikilizwa simu yake aambiwe

Mhariri,

Kila mjadala wa serikali kusikiliza simu za watu unapoanza, hakosekani wa kusema kwamba kibali cha jaji kinatosha na asiye na hatia hana la kuogopa. Nusu ya kauli hiyo naikubali: simu yoyote isisikilizwe bila kibali cha mahakama. Tatizo langu ni jinsi kibali chenyewe kinavyopatikana.

Katika kesi ya kawaida, polisi akidanganya kizimbani yupo wakili wa kumbana. Kwenye ombi la kunasa simu hayupo. Jaji yuko peke yake na faili, na aliyeliandika faili ndiye huyo huyo anayeomba. Anayezungumziwa yuko zake kazini, simu mfukoni, hana habari. Lazima iwe hivyo, maana huwezi kumwita mtekaji nyara aje kubishania simu yake. Lakini hapo jaji, hata awe mwadilifu namna gani, anaamua kwa alichoambiwa tu.

Afrika Kusini wameyaona haya. Polisi wa upelelezi walimpelekea jaji namba za simu za waandishi wa habari wawili, Stephan Hofstätter na Mzilikazi wa Afrika, wakazibandika majina ya kubuni na kudai kwamba wanachunguza genge la wahalifu. Jaji akatia saini. Angejuaje? Mbele yake palikuwa na namba na jina, na jina halikuwa la mwenye namba. Mwandishi mwingine, Sam Sole, alianza kushuku mwaka 2008 kwamba anasikilizwa. Uthibitisho aliupata 2015, tena katika kesi isiyomhusu: vipande vya mazungumzo yake na mwendesha mashtaka vilijitokeza ndani ya karatasi za mahakama. Miaka saba, na bado ilikuwa bahati. Sheria ya huko haikuruhusu mtu kuarifiwa, hata upelelezi ukiisha.

Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mbuyiseli Madlanga, iliona sheria hiyo inakiuka katiba. Kasoro zilizotajwa ni kadhaa. Ninayoing'ang'ania mimi ni hii: asiyejua kwamba alisikilizwa hana pa kwenda kulalamika, na anayetumia vibaya madaraka analijua hilo. Bunge likapewa miezi 36 kurekebisha. Wakati huo wote, mahakama ikaagiza, aliyenaswa aarifiwe ndani ya siku 90 tangu kibali kuisha, isipokuwa jaji akiridhika kwamba kuna sababu ya kusubiri.

Wala si jambo geni. Marekani, sheria ya mwaka 1968 inayohusu kunasa simu katika makosa ya jinai ina siku 90 hizo hizo. Ila ukija upande wa ujasusi, nchi ile ile ina mahakama ya siri iliyoundwa kwa sheria ya 1978, na huko huarifiwi mpaka serikali itake kutumia ilichonasa kama ushahidi dhidi yako. Tangu 1979 hadi 2012 mahakama hiyo ilipelekewa maombi karibu 34,000 na kukataa 11. Watetezi wake husema maombi mengi hurudishwa kurekebishwa kabla ya uamuzi, na ni kweli. Lakini Desemba 2019 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alikuta makosa makubwa 17 katika maombi ya kumchunguza Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya urais ya Donald Trump, maombi ambayo majaji wa mahakama hiyo waliyapitisha mara nne. Hayo yalifukuliwa kwa sababu ya kelele za siasa. Mtu wa kawaida nani atamfukulia faili lake mstari kwa mstari?

Nataka basi mambo mawili. Kwanza, kila ombi liwe na wakili wa kumsemea asiyekuwepo, mwenye kiapo cha kutunza siri. Marekani walianza kitu cha namna hiyo mwaka 2015, ila hasa kwa maswali mapya au mazito ya sheria. Pili, taarifa baada ya kazi kwisha. Haihitaji kueleza mbinu wala mtoa habari: simu yako ilisikilizwa kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, kwa kibali cha jaji. Upelelezi ukiwa bado unaendelea, jaji aahirishe, na sababu ziandikwe. Uamuzi wa kuahirisha usiachiwe mpelelezi mwenyewe.

Nimewahi kujibiwa kwamba idara zitazidiwa na kazi ya kuandika barua hizo. Kama waliosikilizwa ni wachache kama tunavyoambiwa, barua zitakuwa chache.

Msomaji wako