Mwanafunzi wa bima apewe mlezi na jalada

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu wanafunzi wa bima na usimamizi wa vihatarishi wanaokwenda kampuni za bima kwa mafunzo kwa vitendo. Wengi huishia kutoa nakala za hati na kuingiza taarifa za bima za magari. Ni kazi, lakini haimfundishi mtu kupima hatari.

Kila mmoja apewe mlezi na jalada moja la madai, alifuate tangu taarifa ya ajali, fomu ya madai na ripoti ya mkadiria hasara hadi hati ya kukubali malipo. Humo atakutana na kanuni ya uwiano, yaani fidia hupunguzwa kwa kadiri bima ilivyo pungufu ya thamani ya mali: ghala la shilingi milioni 100 lililokatiwa bima ya milioni 60 likipata hasara ya milioni 20, fidia ni milioni 12. Darasani hesabu hiyo ni nyepesi; kumweleza mwenye ghala aliyekasirika ndiyo mtihani. Na mara nyingi kosa lilianza siku ya kukata bima, pale ambapo hakuna aliyekwenda kulikagua ghala lenyewe.

Saa moja ya mlezi kwa wiki inatosha. Vyuo, kikiwemo Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), viifanye kuwa sharti kabla daftari la mafunzo halijasainiwa.

Msomaji,
Dar es Salaam